Ukingo wa Mto wa Kambini

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti ofisi ya ardhi mapema, shati limepigwa pasi na cheti cha chuo kikuu kiko kwenye bahasha. Mkuu wa Kitengo cha Upimaji hakuifungua bahasha. Alinitazama miguuni, akauliza, "Viatu hivyo vinajua mchanga?" Kisha akanikabidhi nyundo na mfuko wa bikoni, akanionyesha gari. Bikoni ni alama ya zege yenye kipande cha nondo katikati. Ikishazikwa kwenye kona ya kiwanja, mpaka umekaa. Nimezika nyingi. Mgongo unazikumbuka, ingawa nimeiacha kazi sijafika hata miaka thelathini na miwili, na rafiki zangu hucheka nikisema nimestaafu.

Nilianzia Ilongero, kwenye viwanja vilivyokatwa kutoka mashamba ya alizeti. Kutoka hapo nikapelekwa Mkiwa, kwenye vibanda vya barabarani, ambako kila mwenye kibanda aliamini mpaka wake unaishia katikati ya lami. Kituo cha tatu kilikuwa mjini, mtaa wa Kambini, kando ya mto wa mchanga. Mto ule una maji wiki chache za masika tu. Miezi mingine ni mchanga mtupu, na wanawake huchimba visima humo na kuteka maji kwa kopo.

Kwamba Kambini palikuwa na kambi ya jeshi hakuna anayebisha. Ukuta wa kulengea shabaha bado umesimama, umejaa matundu. Ila jeshi la nani? Mzee mmoja aliniambia la Wajerumani, mwingine la Waingereza, wa tatu akaapa ni vijana wetu waliopumzishwa hapo wakitoka vitani. Niliyaandika yote matatu kwenye ripoti, na maswali yangu chini yake. Mkuu akayakata kwa kalamu nyekundu. "Kijana, sisi tunapima ardhi. Hatupimi maneno ya wazee." Nilikasirika, lakini si kwa sababu ya wazee. Nilikasirika kwa sababu alikata maswali yangu.

Baada ya wanajeshi kilikuja kiwanda cha kukamua mafuta. Nacho kilikufa, kikaacha bomba la moshi lililopinda na wafanyakazi waliobaki kwenye kota zao, safu moja iliyoelekea mtoni. Kazi yetu ilikuwa urasimishaji, yaani kupima makazi yaliyojengwa bila mpango ili wenyewe wapate hati. Ila anayekaa ndani ya hifadhi ya mto hapati hati. Anahama. Hifadhi hiyo hupimwa kutoka ukingoni, kwa umbali uliowekwa na sheria, kwa hiyo ukikosea ukingo umekosea kila kitu kinachofuata.

Nilipima kiangazi, peke yangu, kwa haraka. Nilisimama pale ardhi ilipokatika ghafla kuelekea mchangani, nikaweka GPS, nikaandika kwenye kitabu cha uwandani: ukingo. Nikaenda hatua kadhaa, nikaandika tena. Jioni nikasaini. Mchoro ulipotoka, kota tisa zilikuwa ndani ya hifadhi.

Tulipokwenda kuzipaka X nyekundu ya kubomolewa, mimi na Mwenyekiti wa mtaa, tulianzia kwa Bibi Hadija. Alikuwa ameshona midomo ya magunia kiwandani hadi kilipofungwa, na kota ile ndiyo aliyoachiwa. Alikuwa barazani anapepeta ulezi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Rangi hiyo ya harusi ya nani?"

Mwenyekiti akatazama pembeni. "Bibi, huyu ndiye mtaalamu. Anasema mto umekufikia."

"Umenifikia bila hodi?" Akaweka ungo chini, akanigeukia. "Mjukuu wangu, ulianza kupima wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono.

"Pale ni shimo la malori. Wanachota mchanga wa kujengea, wanakula ardhi kila siku. Maji yakija hupita kule ng'ambo, kwenye visima. Ungemuuliza hata mbuzi."

Nikashuka kutazama. Alama za matairi zilishuka mpaka chini ya kile nilichokiita ukingo. Siku ya kupima nilikuwa nimezikanyaga. Mimi niliyehoji wahadhiri, wazee na Mkuu mwenyewe, sikuwa nimeuliza mtu mmoja mto ule unapita wapi.

Nikamwambia Mwenyekiti tusimame kwanza. Akasema amri imeandikwa, na yeye ana watoto wa kulisha. Nikapaka. Bibi Hadija alirudi kwenye ulezi wake, hakututazama.

Ofisini nilimweleza Mkuu kila kitu. Alinisikiliza huku anachanganya sukari kwenye chai.

"Umesaini?"

"Nimesaini."

"Basi mto uko pale ulipousainia."

"Mkuu, nimekosea. Naomba nirudie kupima."

"Mchoro umeshaidhinishwa. Ukitaka kuupinga, niletee ushahidi. Na ushahidi wa mto ni maji. Una maji?"

Sikuwa nayo. Niliandika barua ya kukiri kosa, ikaingia kwenye faili. Ubomoaji ulifanyika kabla ya masika. Bibi Hadija hakungoja tingatinga. Aliezua bati zake mwenyewe, akakodi mkokoteni hadi stendi, akaenda Issuna kwa binti yake.

Masika yalipofika nilisimama Kambini na mwavuli. Maji yalipita ng'ambo, kwenye visima, mbali na shimo la malori. Nilipima tena kutoka kwenye ukingo wa kweli. Kota zote tisa zilikuwa nje ya hifadhi. Nikampelekea Mkuu vipimo vipya pamoja na barua ya kuacha kazi. Alivisoma hadi mwisho, akaniambia safari hii nimepima vizuri.

Kwenu mnaotoka vyuoni na mashine mpya, sina mengi. Nimechoka, na sina hakika kwamba kuacha kazi kulimsaidia yeyote.

Nilikwenda Issuna. Bibi Hadija alikuwa nyuma ya nyumba ya binti yake, anachambua mboga kwenye ungo.

"Umekuja kunirudisha?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kukuambia ulikuwa sahihi. Kota yako ilikuwa nje."

"Hilo nilikuwa nalijua." Aliendelea kuchambua. "Nauli umetoa kwa ajili ya hilo tu?"

"Ndiyo, bibi."

Akasogeza ungo ukawa kati yetu.

"Basi kaa. Vikonyo hivi weka huku, majani weka hapa. Kama huyajui, uliza."