Nilimwelekeza mgeni kichochoroni, na aliyempora naishi naye nyumba moja

Asalaam aleikum. Admin, tafadhali nifichie jina. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, naishi Mji wa Kale hapa Mombasa kwa khalati yangu, dadake mama. Mama yuko Uarabuni kikazi, huu mwaka wa tatu. Khalati amenilea vizuri, sina la kumlaumu, lakini jambo hili sina wa kumwambia, hata shuleni.

Jumatano mchana nilikutana na mama mmoja wa makamo, mwalimu kutoka bara, anatembea peke yake akipiga picha milango kwa simu. Akaniuliza, "Mrembo, Fort Jesus ni wapi? Miguu imeniisha."

Kwetu mgeni akiuliza njia haonyeshwi kwa kidole, husindikizwa. Lakini nilikuwa nimechelewa masomo ya ziada mtaa wa Tudor. Nikamwambia, "Pita kichochoro hiki, mama. Hapana neno, mimi hupita kila siku."

Kweli hupita kila siku. Sikufikiri kwamba mimi hupita salama kwa sababu kila anayekaa barazani anajua mimi ni mtoto wa nani. Yeye hakuna aliyemjua.

Sijafika mbali nikasikia ukelele. Nilirudi mbio nikamkuta amekaa chini, kiwiko kimechubuka, simu imekwenda. Nikaanza kulia mimi. Akaniambia, "Wacha kulia, si wewe umeninyang'anya. Simu zinauzwa. Lakini humo kuna sauti za marehemu mzee wangu, alikuwa ananitumia kila asubuhi. Sikuziweka kwingine." Nikampeleka hadi nyumba ya wageni anakokaa, tumeshikana mikono.

Magharibi nilimkuta mtoto wa khalati, ambaye namwita kaka, jikoni na simu. Kwenye kioo chake kulikuwa na picha ya mama yule na mzee aliyevaa kofia. Nikamwambia, "Kaka, mrudishie mwenyewe."

Akacheka. "Ushakuwa mwalimu wa chuo cha Kurani wewe? Huyo mtalii, atanunua nyingine."

Nikasema nitamwambia khalati. Akanisogelea, akasema polepole, "Sema. Mimi hapa ni kwetu. Wewe utalala wapi?"

Tangu hapo hanisemeshi. Khalati ananiuliza mbona sili, nasema tumbo. Jana nilipita nyumba ya wageni, nikamwona mama yule dirishani, anakunywa chai peke yake. Nilishindwa kuingia.

Asubuhi nikitandika vitanda nimeiona simu chini ya godoro la kaka, bado hajaiuza. Leo ni Ijumaa, na mgeni anaondoka na treni ya Jumapili. Khalati ni mtu wa haki, hilo nalijua, na moyo wangu unaniambia atanisikiliza. Lakini yeye ni mamake kaka, mimi ni mtoto wa dadake tu.

Nyinyi msionijua, niambieni, nianze kwa nani? Nasoma kila mtakachoandika.