Mwaka Bibi Alipotimiza Sabini

Redio ya nyumba ya pili kutoka kwetu iliendelea kuongea baada ya wenyewe kukimbia. Asubuhi, jua likiwa bado halijapanda vilima, ilikoroma kidogo, ikasoma habari kwa Kirundi, halafu ikanyamaza. Jioni ikaongea tena. Nilikuwa na miaka tisa lakini sikuwa mjinga kiasi cha kuamini kwamba redio hujiwasha yenyewe, na hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia. Nyumba ile ilikuwa imefungwa madirisha yote, na vumbi la kiangazi lilikuwa limelala mlangoni bila alama ya mguu hata mmoja. Kamenge nzima ilikuwa hivyo wakati ule wa vita. Mtaa uliokuwa na kelele mpaka watu wakagombana kwa sababu ya muziki, sasa ulikuwa kimya hata ukasikia bati likilia kwa joto la mchana. Milango iliyoachwa wazi ilijipigapiga kwa upepo wa ziwani. Mbwa waliokuwa na majina walipita wakitutazama kwa namna ambayo mbwa wa jirani hamtazami mtu. Bibi alinikataza nisikanyage nyumba yoyote isiyo na mwenyewe, maana ilisemekana kuna vitu vimetegwa nyuma ya milango, na wengine walisema kuna watu wenye silaha ndani. Nilipomuuliza kuhusu redio, alijibu tu, "Usiisikilize. Ni ya watu."

Tulikuwa tumebaki wawili, mimi na yeye, mzaa mama yangu. Sisi ni watu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Mama alikuwa amevuka kwenda kutafuta mafuta ya mawese ya kuuza, barabara ikafungwa nyuma yake, na Bibi akaapa kwamba hatuondoki, kwa sababu Mama akirudi atatutafuta pale pale alipotuacha. Hiyo ndiyo sababu aliyoisema mbele za watu waliopita na magodoro kichwani wakituita twende nao. Sababu ya pili aliniambia mimi peke yangu, na laiti angeinyamazia. Alisema hana haja ya kukimbia kifo kwa sababu anaijua siku yake. Mwaka ule anatimiza miaka sabini, na Maandiko yamempa mtu sabini, basi. Nikamkumbusha kwamba padri alisoma kanisani kwamba wenye nguvu wanafika themanini. Bibi akacheka bila furaha. "Mi nguvu yangu iliishia kwa magoti, mwanangu. Themanini ni ya wengine."

Lazima niseme jambo kuhusu siku yake ya kuzaliwa. Bibi, kama wengi wa rika lake, hakuijua siku aliyotoka tumboni. Aliambiwa alizaliwa nzige walipokuwa wamekula mtama, basi. Siku aliyoisherehekea ni ile aliyobatizwa misheni akiwa msichana mdogo, akapewa jina la Velonika, na padri mzungu akamwandikia mwaka. Bibi aliishika siku ile kwa mikono miwili. Hakutaka zawadi. Kinyume chake, yeye ndiye aliyetoa: aliamka alfajiri, akapika wali, maharage na ndagala, dagaa wa ziwa letu, akapeleka sahani kwa kila nyumba ya mstari wetu, Wakristo na Waislamu, wanaosalimiana naye na waliomnunia. Alisema anayepewa mwaka na Mungu asile peke yake, atakabwa na mfupa.

Basi mwaka huo alijiandaa. Alifua gauni lake jeupe la chama cha akina mama wa parokia, akalikunja pamoja na rozari juu ya sanduku. Kuku wawili waliobaki akamgawia Mama Hadija, Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi aliyekuja kutuchungulia na gunia la muhogo. Mama Hadija akamwambia, "Velonika, umri ni wa Mwenyezi Mungu, wewe usimpangie," lakini kuku aliwachukua. Kisha likaja somo langu. Bibi alikuwa na hofu moja tu, nayo haikuwa kufa. Majirani wote wamekimbia, nani atamfumba macho? Nani atamfunga kidevu kabla hakijakakamaa? Akapasua kitambaa cha kitenge, akalala chali kwenye mkeka sebuleni mchana kweupe, akafumba macho, akaacha mdomo wazi. "Njo," akasema. "Pitisha chini ya kidevu, funga juu ya kichwa. Usilie, ukilia mikono inatetemeka." Nikafunga. Akafungua jicho moja. "Imelegea. Rudia." Nje redio ilikuwa imeanza habari za jioni. Nikarudia, huku nikihisi taya lake la moto kwenye vidole vyangu na pumzi yake ikinigonga kiganja. Jamani, niseme ukweli: nilimchukia siku ile. Nilimchukia kwa kuwa mtulivu. Mtu mwenye mjukuu mmoja tu duniani anawezaje kulala hivyo na kusema rudia? Niliomba usiku na mchana, si kwa maneno ya kanisani bali ya kwangu, kwamba Mungu aipoteze ile siku, airuke, kama mwalimu anavyoruka ukurasa.

Mungu hakuiruka. Siku ilifika na jua lake na vumbi lake. Bibi alivaa gauni jeupe, akasali, akapika. Nilifikiri atapika kidogo, chakula cha watu wawili. Lahaula, alipika sufuria lote, akatoa sahani zote za bati, akaanza kupakua kwa ajili ya mstari mzima. Nikamwambia hakuna watu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Akanikata jicho. "Wahenga hawakukaa Kamenge. Beba." Tukatoka. Sijawahi kutembea safari ndefu kama ile ya nyumba chache. Kila mlango Bibi alisimama pembeni, mbali kidogo kwa sababu ya yale yaliyosemwa kuwa nyuma ya milango, akapiga hodi kwa sauti yake yote, akawaita wenyewe kwa majina kana kwamba wako jikoni, akangoja kadiri adabu inavyotaka mtu angoje. Hakuna aliyeitika. Mimi nikaweka sahani kizingitini, tukasogea. Kwenye nyumba ya redio niliishusha sahani mbiombio hata maharage yakamwagika. Bibi akaita, "Hodi kwa Mzee Anselmi na wana wake! Leo ni siku yangu, muniombee!" Nilikimbia kurudi nyumbani, sikumngoja.

Jua lilipoanza kuinama alinituma nikusanye sahani. Za nyumba za kwanza zilikuwa zimepinduliwa na mbwa, wali umetapakaa, siafu wameshaandamana. Kwenye nyumba ya redio nilisimama kama niliyepigwa msumari. Sahani ilikuwa imeoshwa. Ilikuwa safi, imelazwa kifudifudi kizingitini, bado inachuruzika maji, kama anavyoirudisha jirani mwenye adabu. Nadhani nilipiga kelele, kwa maana Bibi alitokea na magoti yake mabovu kwa mwendo ambao sikujua anao. Aliitazama sahani. Akafanya ishara ya msalaba. Nilidhani atasema ni malaika amekuja kumchukua, na nikamshika gauni kwa mikono yote miwili. Badala yake akasema polepole, kuelekea mlango, "Malaika haoshi sahani. Nani iko ndani?"

"Ni mi, Mama Velonika," ikajibu sauti nyembamba kutoka chini, karibu na sakafu. "Ingia tu. Hakuna kitu wametega. Kusimama ndiyo siwezi."

Alikuwa Mzee Anselmi mwenyewe, katekista mstaafu, aliyefundisha dini watoto wa kubatizwa. Miguu yake ilikuwa imekufa tangu zamani. Usiku wa mbio aliwaambia wanawe wambebe mjukuu wake mdogo na wamwache yeye, wakamwachia unga, madumu ya maji na redio, wakiahidi kurudi. Alikuwa anakula ugali bila mboga na kuiwasha redio kwa habari tu, kubania betri, na alipotusikia tukipita alinyamaza kwa sababu hakujua nyayo za nani ni za nani; hata hodi ya Bibi aliogopa kuiitika, asijue yuko na nani. Siku zile kila mtu alikuwa mzimu kwa mwenzake. Bibi aliketi chini, akalia, akamgombeza, akalia tena. "We Anselmi! Mi nakufa leo, sasa wewe nani atakupikia?"

Mzee akataka kujua anakufa kwa ugonjwa gani. Bibi akamweleza habari ya sabini. Mdomo wa yule mzee ukaanza kumcheza. "Nani alikwambia uko na sabini?" Padri, Bibi akajibu, siku ya ubatizo. "Mapadri wale?" akasema Mzee Anselmi. "Mi niliwasaidia kazi hiyo huko milimani. Hakuna mwenye alijua miaka ya mutoto. Tulisema, pitisha mukono juu ya kichwa, shika sikio ya upande ingine. Mwenye kushika, tunaandika saba. Mwenye hashiki, tunaandika tano. Basi. Hebu nyosha mukono."

Bibi, na gauni lake la kuzikiwa, akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Bibi yangu alikuwa mnene, na mikono mifupi mno. Tulikuwa tukimtania kwamba hafiki hata mgongoni kwake. Vidole vilihangaika juu ya kilemba, vikashuka kidogo, vikakwama. Sikio hakuligusa. "Ona!" akasema katekista. "Mupaka leo hujafika miaka saba! Na mukono mufupi hivi, walikuandika mudogo kuliko miaka yako. Velonika, hiyo sabini ulishaipita zamani, hukuiona. Mungu hapimi mutu kwa sikio." Na wazee wale wawili wakacheka mpaka wakashikana mikono, katika nyumba ile yenye giza, kwenye mtaa usio na mtu. Kilichonitisha siku ile kuliko redio ni kicheko kile, kwa sababu sikuthubutu kukiamini.

Sikulala. Kulipopambazuka nilitambaa mpaka kwenye mkeka wake, kitenge kikiwa mkononi, nikaweka kidole chini ya pua yake. Hakusogea. Nikasogeza kidole zaidi. "Unatafuta nini kwa pua yangu?" akasema, macho yamefumbwa. "Washa moto. Anselmi hajakula." Tulimlisha hadi binti yake alipokuja kumchukua kwa mkokoteni. Mama alirudi baadaye kidogo, amekonda, na Bibi akaishi hadi vita vikaisha, akafa siku ya kawaida ambayo hakuna aliyekuwa ameiwekea alama.

Leo Kamenge ina kelele kuliko zamani, na watoto wangu wanajua saa na dakika waliyozaliwa. Mama naye ametimiza sabini mwaka huu, sabini ya kweli, yenye cheti. Ndugu zangu waliozaliwa baadaye walimfanyia misa ya shukrani na keki yenye maua ya sukari, na wote walikuwapo, isipokuwa mimi niliye mbali. Mimi nilipiga simu kesho yake, alfajiri, kama ninavyofanya kila mwaka. Simu iliita mara nyingi, nami nikawa nimesimama gizani bila kupumua, mpaka akapokea kwa sauti ya usingizi na hasira kidogo.

"We mutoto, umesahau tena. Ilikuwa jana."

"Najua, Mama," nikamwambia. "Nilitaka kusikia kama umeamka."