Miche Iliyolazwa Udongoni

Mwanangu, nakumbuka asubuhi tuliyoshusha miche ya kahawa nyumbani Rhotia, katikati ya miaka ya sabini, nami ni msichana wa miaka kumi na tisa. Baba alikuwa ametoa mtamba wetu wa pekee ili tuipate. Ilikuja na mizizi wazi, imezungushiwa magunia mabichi, na mvua ilikuwa imekatika wiki mbili. Shamba lilikuwa vumbi tupu.

"Tupande tu, Baba," nilisema. "Majirani wamekwishapanda."

Kutangulia si kufika, mwanangu, lakini siku zile nani angeniambia nikasikia?

Mzee Boay, jirani yetu aliyezeekea kwenye mashamba ya walowezi kule Oldeani, aliinamia magunia. "Ukipanda leo, binti, umepanda kuni."

Alichimba mtaro mfupi kivulini, penye udongo mbichi, akailaza miche kwa ubavu, ikaegemeana kama watoto wanaolala kitanda kimoja. Akafukia mizizi, akakandamiza kwa kisigino.

"Wazungu huita kazi hii 'heel in'," alisema. "Miaka mingi nilidhani ni habari ya kisigino, maana 'heel' kwao ni kisigino, nacho ndicho tulichokandamizia. Mama mmoja wa Kizungu mwenye shamba akanicheka. Akasema ni neno la mababu zao wa kale kabisa, maana yake kufunika, kuficha. Hata wenyewe wengi wamesahau."

"Kwa hiyo tunaificha?"

"Tunaificha jua lisiifikie. Usiiguse mpaka mvua irudi."

Nikaigusa. Siku ya tatu, Baba akiwa mnadani, nilifukua miche sita nione kama ingali hai. Sikuona kitu, mizizi ileile ya kahawia. Nikairudishia udongo harakaharaka, nikanyamaza.

Wiki iliyofuata mvua ilishuka kutoka msitu wa Ngorongoro. Mzee Boay aliingiza mikono mtaroni, akainua mche wa kwanza, na wote tukasogea kutazama. Mizizi mipya ilikuwa imechipua gizani, myembamba, myeupe kama uzi wa dukani. Hakuna aliyeiona ikiota. Baba alivua kofia, kama yuko kanisani.

Mikononi mwangu nilishika ile sita niliyoifukua, imekauka.

"Hii iliamshwa kabla ya wakati," Mzee Boay alisema, akinitazama mimi.

"Ni mimi, Baba," nikasema. Baba hakunipiga. Alinipa jembe, tukapanda iliyobaki.

Mwanangu, siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya mzizi aijuaye udongo. Ukingoja shule, kazi au mchumba, usijione umetupwa. Tafuta mahali penye unyevu, ujifunze, ufanye kazi ndogo iliyopo, wala usijifukue kila asubuhi kujipima. Na ukikosea, sema mapema, kabla shamba halijasema.

Mungu akufunike vizuri wakati wa jua, na mvua ikishuka, akuinue kwa mkono wake mwenyewe.