Boza Haliuzwi

Kila mwanamume aliyepita mtaani kwetu Woodley, hapa Nairobi, alikuwa na maoni kuhusu lori langu. Muuza mayai alisema ni injini. Mlinzi wa jirani alisema ni giaboksi, naye hana hata baiskeli. Mwingine alisimama kando ya ua na mswaki mdomoni, akanipa pole: "Mathe, hiyo gari inalia kwa vile imechoka. Hata wewe ungechoka." Nikamwambia akasukutue kwanza ndipo tuongee.

Lori lenyewe ni boza, la dizeli, la zamani, lenye tangi la maji mgongoni. Nalijaza asubuhi kisimani, napeleka maji Kitisuru kwa watu wenye bustani kubwa na mabomba makavu. Lilikuwa la marehemu mume wangu na mdogo wake, nusu kwa nusu. Mume wangu alipofariki, watu walikaa wakingoja nitafute dereva. Dereva wa nini? Nilikuwa nimekaa naye kwenye kabini miaka na miaka, nikimpokea usukani akichoka, na leseni ya magari makubwa ninayo. Eda ilipokwisha nilifunga mtandio wangu vizuri, nikapanda, nikaenda kazini.

Kelele ilikuja baadaye. Mwendo ukiwa wa polepole, husikii kitu. Ukianza kukolea, sauti nzito inapanda kutoka chini ya sakafu, vuuu, vuuu, na kiti kinatetemeka mpaka meno yanagongana. Ukizidisha mwendo zaidi inapungua kidogo, ukipunguza inarudi. Wateja walianza kuniuliza kama lori ni salama. Mama mmoja wa Kitisuru alitoka na nguo za kulalia kuja kuona ni kitu gani kinachopita kikinguruma mbele ya lango lake.

Shemeji yangu, huyo mdogo wa marehemu, ana duka la vitambaa katikati ya jiji. Ni mtu wa kanzu iliyonyooka na maneno laini. Aliniita dukani siku ya Jumatatu baada ya swala ya alasiri, akaniagizia kahawa, nami nikajua kahawa hiyo si ya bure.

"Shemeji," akasema, "hilo lori litakuua kwenye miteremko ya Kitisuru. Nimepata mtu wa vyuma vikuukuu. Tuliuze, ugawiwe chako, upumzike."

"Ng'o!" nikamwambia. "Siuzi."

"Wasikia linavyolia?"

"Mtoto akilia humpeleki kwa mtu wa vyuma. Watafuta kinachomliza."

Ikawa zogo, mbele ya wateja. Bahati nzuri au mbaya, maalimu wetu wa madrasa alikuwa pale akichagua kitambaa. Sisi watu wa pwani, hata tukikaa Nairobi mpaka tukazeekea hapa, jambo la ukoo likitushinda twaliweka mbele ya maalimu. Na neno lililosomewa Fatiha halirudishwi mdomoni. Shemeji ndiye aliyependekeza, tena kwa haraka: nikiliponya lori mpaka likapanda Kitisuru na maji tele bila kelele, yeye akiwemo ndani, hatalitaja suala la kuuza tena maisha yake. Kelele ikibaki, Jumamosi nikabidhi funguo. Nikakubali. Maalimu akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama tumeelewana, tukasema naam, ikasomwa Fatiha.

Nilitoka pale nimejaa hasira na hofu, vyote pamoja. Lile lori ndilo lililonilisha na kunivika. Zaidi ya hayo, ndimo nilimokuwa bado namsikia mume wangu, nikikaa pale kwenye kiti chake kilichobonyea upande mmoja. Kulipoteza kwa sababu ya mngurumo ambao hakuna aliyeutafuta? Thubutu!

Fundi wangu ni mtu wa magharibi ya Kenya, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto na majivuno ya kutosha gereji tatu. Alisikiliza injini ikinguruma lori limesimama, akafuta mikono.

"Mathe, wacha nikwambie ukweli. Hiyo ni gearbox. Imekufa. Tushushe tu."

"Umeisikia kelele?"

"Sijaisikia, lakini mimi najua hizi gari."

"Basi hujui hili. Panda."

Tulitoka asubuhi, tangi tupu, tukafuata Ngong Road kabla magari hayajajaa. Sauti ilipoanza nilishika mwendo uleule, nikaliweka gia ya juu, injini ikatulia. Vuuu. Nikarudi gia ya chini, mwendo uleule, injini ikapiga kelele zake. Vuuu ileile, haikuongezeka wala haikupungua. Kisha penye tambarare nikakanyaga klachi, nikatoa gia kabisa, lori likateleza frii. Vuuu. Injini ilikuwa inanguruma peke yake kule mbele, haina habari nasi, na kiti bado kinatetemeka.

"Sasa niambie," nikamwuliza, "giaboksi gani hiyo isiyojali uko gia gani?"

Fundi aliinama, akatega sikio sakafuni. Akaniambia nirudishe gia, nikanyage mafuta, kisha niachie. Nikakanyaga, nikaachia. Sauti haikubadilika.

"Pia si diff, ile gia ya ekseli ya nyuma," akasema. "Diff ikiharibika ukiachia mafuta sauti inageuka. Hii inafuata tairi, si injini." Akapiga dashibodi kwa kiganja. "Iko huko katikati. Propela."

Propela ni ile nguzo ndefu ya chuma inayozunguka chini ya gari, inayopeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka magurudumu ya nyuma. Ya lori langu imegawika vipande viwili, na pale vipande vinapokutana kuna beringi inayoishikilia isining'inie. Beringi hiyo ilikuwa mpya. Mpira wa ile ya zamani ulikatika njiani wakati fulani, nikavutwa mpaka gereji moja ya kando ya barabara, wakaibadilisha mie nikiwa nimeenda kutafuta maji ya kunywa. Nilimwambia fundi hayo, akaguna.

"Na hiyo kelele ilianza lini?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Ilianza baada ya hapo.

Basi tukaanza na krosi, vile viungo vyenye umbo la msalaba vinavyoifanya propela ijipinde. Nilishuka mjini kwenye maduka ya spea, nikapanga foleni na wanaume walioniuliza nimetumwa na nani. Nimejituma, nikawajibu. Tukatia krosi mpya, tukapaka grisi, tukaenda barabarani na moyo mkunjufu. Vuuu. Ilikuwa Alhamisi. Nilipaki kando ya barabara, nikaegemeza kichwa kwenye usukani, nikalia. Sikulia kwa adabu. Nililia kwa sauti, fundi wa watu akabaki anatazama nje dirishani kama anayehesabu miti.

"Mathe," akasema mwishowe, "mimi naona uuze tu."

Loo, hapo alinikosea! Nilifuta macho, nikampa vidonge vyake. Nikamwambia kama amechoka ashuke, aache spana zake. Hakushuka. Alisema nina kichwa kigumu kuliko boliti iliyoota kutu, nikamwambia asante.

Ijumaa asubuhi nilitandaza gunia, nikaingia chini ya lori mwenyewe na tochi. Majirani waliona miguu yangu tu na ncha ya mtandio. Nilitaka kuiona propela kwa macho yangu kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kunieleza. Ilikuwa nyeusi tititi, inang'aa. Kabla ule mpira haujakatika, shemeji aliwahi kuleta mnunuzi nyuma ya mgongo wangu, na kabla hajaja alilipigisha lori rangi nyeusi chini kote, chesisi, propela, kila kitu, ndivyo wanavyofanya wauzaji wa magari ya zamani mjini hapa ili mtu akichungulia aone jipya. Mnunuzi hakununua, rangi ikabaki.

Nilifuata chuma kwa mkono. Kila mwisho wa kipande una masikio mawili yanayoshika krosi. Kipande cha nyuma chenyewe kimeungwa kwa meno ya chuma, nusu moja inaingia ndani ya nyingine, ili propela irefuke na ifupike lori likiruka mashimo. Nikashika masikio ya mwisho mmoja wa kipande hicho, yalikuwa yamelala. Nikatambaa mpaka mwisho wa pili, nikashika. Yamesimama upande. Nikarudi, nikashika tena.

"We fundi!" nikapiga kelele kutoka chini. "Njoo!"

Aliingia, tukalala bega kwa bega kwenye gunia. Nikamwuliza masikio haya si yapaswa kuelekea upande mmoja? Alitoa kisu, akakwangua ile rangi nyeusi karibu na meno. Chini ya rangi kulikuwa na mshale, umegongwa kwenye chuma. Akakwangua upande wa pili wa maungio. Mshale mwingine, umeangalia mahali pengine kabisa.

"Aki ya nani," akasema. "Wale wa gereji hawakuona alama. Waliichomoa, wakairudisha vile ilikuja."

"Rangi ilifunika."

"Rangi ilifunika," akakubali. Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, tumelala hapo chini grisi ikitudondokea. Miezi yote hiyo nimeambiwa nina maiti, kumbe chuma kizima kimevikwa vibaya.

Tulitia mawe kwenye magurudumu, tukaifungua propela, tukaichomoa kwenye meno, tukaizungusha mpaka mshale ukatazamana na mshale. Tukasafisha, tukapaka grisi, tukafunga. Nilizikaza boliti za mwisho mwenyewe. Fundi alitaka kunisaidia, nikamwambia anishikie tochi tu.

Jumamosi nilijaza tangi mpaka likamwagika. Shemeji alikuja na kanzu nyeupe, akatandika gazeti kwenye kiti kabla ya kukaa. Tukatoka. Nikakoleza mwendo, nikafika pale ambapo sauti huanza. Nikapita. Nikaongeza, nikapunguza. Unasikia injini ikipumua na maji yakitingika mgongoni, basi. Tukaanza kupanda kuelekea Kitisuru na uzito wote ule, nikabadilisha gia, na kiti kimetulia tuli. Nilitaka kupiga vigelegele. Nilijizuia kwa sababu nilitaka aseme yeye kwanza.

"Mashallah," akasema.

"Mashallah," nikaitikia.

Tulienda kidogo. Akakohoa. "Sasa shemeji, hapa sasa tuna gari. Hatuuzi tena vyuma. Kuna mtu namjua anatafuta boza zima, na hili atalichukua kwa macho yaliyofumbwa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Na Fatiha tuliyosoma?"

"Aa, shemeji, tuseme kweli." Alikuwa anatabasamu, kwa upole kabisa. "Mie nilikubali vile kwa sababu sikudhani utaweza."

Nikakaza macho barabarani. Yeye akaona amepata nafasi, akaendelea. Kwamba si kelele iliyomkera. Kwamba watu wanasema. Mke wa marehemu kaka yake, amelala chali chini ya gari, miguu iko nje, majirani wapita. Kwamba hata lingekuwa jipya kutoka dukani, mwanamke wa heshima haendeshi boza. Aliyasema yote hayo kwenye kiti cha gari nililolitengeneza, huku maji niliyoyajaza yakitusukuma mgongoni.

Kwa hiyo ningebadilisha kila chuma kilichomo humu na asingeridhika. Niliona hivyo wazi, na ajabu ni kwamba hofu yote ya wiki ile ilinitoka. Nikawasha taa ya kushoto, nikaegesha pembeni, nikavuta breki ya mkono.

"Shuka."

"Shemeji, mbona..."

"Shuka. Nenda kwa maalimu, umwambie haya uliyoniambia, kwa maneno haya haya. Kwamba ulisoma Fatiha ukidhani sitaweza. Akisema una haki, aniite, nami nitakuletea funguo kwa mkono wangu."

Alinitazama aone kama natania. Akatazama barabara ndefu yenye miti na mageti yaliyofungwa. Alishuka taratibu, ameshika kanzu isiguse tope, gazeti lake akaliacha kitini. Nikatia gia, nikapeleka maji ya watu.

Fungu la shemeji la mapato ya lori humfikia kila mwezi, kamili, kama zamani. Tukikutana kwenye harusi na matanga anauliza hali ya watoto. Maalimu namwona karibu kila wiki, tunasalimiana vizuri. Mpaka leo hajaniita.