Sori ya Belyse

Belyse, mhudumu wa baa moja pale Gisimenti, Kigali, alikuwa na neno moja la Kiingereza lililochapa kazi kuliko yeye mwenyewe. Akitaka kupita na sinia ya mishikaki, sori. Asipomsikia mteja kwa kelele za muziki, sori? Jiko likichelewa, sori. Mpishi akiungua, sori, mahali pa pole. Alikulia Bujumbura kwa Kirundi na Kiswahili cha sokoni. Kiingereza alikikuta Kigali, akaanza na hilo, na kwa kazi ile hakuhitaji jingine.

Mchana ule bwana mmoja, akisimulia mpira, alirusha mkono akaipiga sinia. Mchuzi wa moto ukammwagikia Belyse mkononi. Kabla hata maumivu hayajafika, mdomo ulishasema, "Sori, bosi." Bwana akafuta shati lake, akamwambia kwa upole kwamba amemsamehe. Amemsamehe! Mkono uliopiga ni wake, ngozi iliyoungua ni ya mwenzake, na msamaha anautoa yeye.

Jioni Belyse alifika nyumbani Kabeza miguu ikimwaka moto, akajibwaga mkekani. Mama yake, akipita na beseni la maji, akamkanyaga kidole.

"Sori," akasema Belyse, macho kayafumba.

Mama akatua beseni, akautazama ule mkono uliobabuka.

"Na hapa, ulimwambia nani sori?"

Belyse akauvuta mkono, akauficha.

"Lete miguu," mama akasema, akilisogeza beseni. "Humu ndani, nikikukanyaga, pole nasema mimi."