Kwa Nini Sikupiga Kelele

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu Gwakisa. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, mpunga umeanza kuinamisha vichwa, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, najiona mwanamume kamili kwa sababu tu nilikuwa na gobore. Kaa kitako. Simu iache mfukoni. Najua umekuja kunitaka neno moja tu, lakini leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Juzi gari la matangazo lilipita hapa Bujonde: mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe kwa hiari yake, hatashtakiwa. Leo umekuja kuniomba gobore lako, lile ulilonunua kwa mtu wa mpakani, nikufichie darini kwangu mpaka upepo upite. Umeniambia, "Baba, ngedere wananimalizia kakao. Nikiwapa gobore langu, hao serikali watakuja kunilindia shamba? Kulinda kilicho changu ni haki yangu." Ukaongeza kwamba majambazi hawatapeleka bunduki zao, watakaopeleka ni wakulima wajinga kama sisi.

Sikukukatiza, kwa sababu maneno hayo ni yangu. Niliyasema mimi, kwenye uwanja huu huu, mbele ya babu yako.

Wakati ule tulisumbuliwa na nguruwe pori. Wakiingia kwenye mpunga, ukirudi kesho yake unataka kulia. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano: kila mwenye gobore aje aandikwe jina, apimwe kama anajua kulitumia, akikosa sifa aliache hapo. Waliopata kibali walipewa sharti moja ambalo sisi vijana lilituchekesha sana. Kabla ya kuingia shambani na bunduki, mtu apige debe na kutaja jina lake kwa sauti: "Jamani, ni mimi fulani, nina bunduki, tokeni majanini!" Basi kina mama waliokuwa mferejini wakichota maji wanajitwisha ndoo zao, wanasogea. Tulikuwa tunawaigiza wazee wale, tukicheka mpaka tunashika mbavu.

Babu yako aliniuliza, "Umelipeleka?"

"Nimelipeleka, baba," nikamjibu, macho makavu kabisa.

Ah, ujana! Gobore lilikuwa ndani ya gunia la pumba, nyuma ya ghala. Nilijiambia hakuna wa kunifundisha jinsi ya kulinda shamba langu. Na sikuwa jambazi, Gwakisa. Nilikuwa naimba besi kwenye kwaya. Hebu shika hilo, kwa sababu wewe unazungumza kana kwamba bunduki zinawaumiza watu zikiwa mikononi mwa wabaya peke yao.

Sasa mama yako. Alitoka kwa Wakisi, kando ya ziwa, na hakuna mwanamke aliyefinyanga chungu kama yeye. Gulioni wanawake walikuwa wanamzunguka kabla hajashusha mzigo. Alipoolewa hapa aliikuta desturi yetu ya mkwe na baba mkwe kutoonana. Siku hizi mmeilegeza, mnakaa nao meza moja, sawa, kila zama na watu wake. Lakini wakati ule mwanamke akisikia tu kikohozi cha baba mkwe njiani, anatoka njiani, anaingia majanini, anachutama na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Mama yako aliishika desturi hiyo kuliko hata wasichana waliozaliwa humu humu. Miaka minne, babu yako alikuwa hajawahi kumwona uso.

Basi siku hiyo nimejibanza nyuma ya migomba, gobore limeshindiliwa, nangoja nguruwe. Mama yako anatoka mtoni na udongo wake wa kufinyangia kwenye kapu. Mimi simwoni, migomba imeniziba. Babu yako anatokea upande wa pili, jembe begani. Akakohoa, kama ilivyokuwa desturi yake ili kumpa mkwewe nafasi. Mimi kikohozi sikukisikia. Mama yako akaingia kwenye matete, akachutama.

Nikaona matete yanatikisika, chini chini, karibu na ardhi. Nguruwe huyo, nikasema moyoni. Nikafyatua.

Nisikuongopee kwamba nilikimbia kumwokoa. Niliposikia sauti ya binadamu, nilibaki nimeshika lile dude, masikio yanavuma. Aliyekimbia ni babu yako. Aliingia kwenye matete, akamkuta mkwewe amelala kwenye damu, mkono wa kulia umesagika, kanga imemtoka kichwani. Mzee yule, aliyekuwa mkali wa mila kuliko wote kijijini, hakusita hata kidogo. Akamwinua mikononi kama mtoto, uso kwa uso, akatoka naye mpaka barabarani, na mama yako katika maumivu yale bado alikuwa anahangaika kujifunika kwa mkono uliobaki mzima. "Acha, mwanangu," alikuwa anamwambia. "Acha tu. Kyala, Mungu wetu, anatuona, hatatulaumu." Wakapata mtu mwenye baiskeli, wakamfunga kwenye kiti cha nyuma, wakamkimbiza hospitali, na huko mkono ukakatwa.

Jioni babu yako akanikuta nimekaa palepale kwenye migomba. Shati lake lilikuwa na damu ya mama yako kuanzia kifuani mpaka kiunoni. Nilingoja kipigo. Hakunipiga. Aliniuliza jambo moja, taratibu.

"Kwa nini hukupiga kelele?"

Jibu alilijua, nami nililijua. Ningepiga kelele, angejua kwamba ninalo. Ingekuwa wale wazee tuliokuwa tukiwacheka, wangepiga debe, mama yako angesikia, angepita njia nyingine na udongo wake, siku ingeisha kama siku nyingine zote. Mimi nilikuwa na bunduki ya kuficha, na mtu anayeficha bunduki hawezi kumwonya mtu yeyote. Kesho yake babu yako alinisindikiza kituoni kwa miguu, hakunishika mkono wala hakuniacha nyuma. Nikafungwa miaka miwili. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Ulipokuwa mdogo uliuliza kuhusu mkono wa mama yako, tukakuambia ni ajali ya shambani. Hatukudanganya, ila hatukumaliza. Watu wa hapa wametutunzia siri hiyo kwa sababu yeye aliwaomba. Alisema hataki mwanawe akue akimchukia baba yake. Alijaribu kufinyanga kwa mkono wa kushoto, chungu kikawa kinalala upande, akakiponda, akajaribu tena, mwisho akaacha. Hajawahi kunitupia neno. Mwaka wa kwanza baada ya kutoka kifungoni nilikuwa natamani anitukane, walau nipumue. Naona aibu mpaka leo, mwanangu, na aibu hiyo nitazikwa nayo.

Sasa nikwambie ninachokiamini. Unaniuliza kama sheria ya bunduki inapunguza vifo au inatunyang'anya haki tu. Mimi si mwanasheria. Najua kwamba sheria ile haikunikataza kulinda mpunga. Wenzangu walioandikwa waliendelea kuulinda. Ilitaka nijulikane, nipimwe, nipige debe. Niliita hilo kuonewa. Na mama yako aliyekuwa anapita na kapu lake, yeye haki yake ya kufika nyumbani nani alikuwa anailinda?

Sisemi sheria haina kasoro. Kibali kinazungushwa miezi, ofisini mwingine anakutazama kama mwizi, na ngedere hawangoji barua ijibiwe. Hayo ni kweli, nami yananikera. Yaseme mkutanoni, kwa jina lako, simama uwatake watu wa wanyamapori waje waone kakao ilivyoliwa. Ukitaka kuomba kibali, omba, upimwe sifa zako mbele ya watu. Nitasimama nyuma yako na mkongojo wangu huu, na unajua mdomo wangu haujazeeka. Anayedai haki yake mchana kweupe namheshimu. Ila kufichaficha, hapana. Na majambazi wasipopeleka zao, hilo ni la polisi na la sisi sote kusema tunachokijua. Lako wewe ni hilo moja lililo kwenye nyumba yako.

Darini kwangu hakutalala gobore.

Na kuna jambo sijakuambia. Leo asubuhi nilikuwa napita kando ya shamba lako kwenda kutazama mfereji. Nikakohoa, mazoea tu ya uzee. Nikaona matete yanatikisika, chini chini, karibu na ardhi. Alikuwa Bupe, mkeo, amechutama na mimba yake ya miezi saba, amejifunika kanga, ananipisha. Mama yake kamlea kizamani. Gwakisa! Nilishika nguzo ya uzio, nikamwita kwa sauti, "Toka, mwanangu, toka hapo njoo njiani, uniangalie usoni, hakuna mwiko," na machozi yananitoka kama mjinga. Maana sikujua wewe ulikuwa wapi saa ile, wala ulikuwa umeshika nini.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mama yako. Ndiye aliyesema leo nikuambie yote. Msikilize, yuko nyuma ya nyumba anatafuta debe. Anasema tutakwenda ofisi ya kijiji kulisalimisha, sisi watatu. Wewe utabeba gobore lako wazi, mimi nitakuwa pembeni yako, yeye atatangulia, debe limening'inia shingoni, akilipiga kwa mkono wa kushoto, kijiji kizima kijue kuna bunduki inapita.

Nenda ukalilete. Kyala akusaye, akubariki, mwanangu, akupe shamba lenye mazao na kinywa kisichoogopa kusema ukweli. Mkeo apite njia zote za Bujonde bila kusikia mlio wowote ila wa ndege. Na huyo aliye tumboni azaliwe, apokelewe na mama mwenye mikono miwili.