Harusi ya Majani ya Mgomba

Tangu binti yake atamke neno lile, Bu Tirah, bu ikiwa ni mama kwa lugha ya huku, hakulala tena usingizi wa maana. Wening alilitamka asubuhi moja jikoni, mama yake akiwa anakoroga utomvu mtamu wa mnazi kwenye karai, ule unaochemshwa mpaka ugeuke sukari.

"Mama, kwenye harusi yangu sitaki plastiki. Hata chembe."

Bu Tirah alidhani hakusikia vizuri. "Hutaki nini?"

"Vikombe vya plastiki, mirija, mifuko ya kubebea chakula, vyote. Chakula tutafunga kwa majani ya mgomba. Maji tutachemsha, tutie mitungini."

"Na wageni watanywea nini, Nduk, mwanangu? Wakinge viganja kama wanatawadha?"

Wening alicheka. Mama yake hakucheka.

Wening alikuwa mwalimu wa watoto wadogo mjini Wates. Alijuana na mchumba wake, Galih, mwaka ule wa mafuriko, vijana walipoitwa kuzibua mfereji uliofurika mpaka vitandani mwa watu. Walichokikuta mle, ukiacha matope, ni vile vikombe vidogo vya maji vilivyozibwa kiwandani, vinavyopangwa mezani kwenye kila harusi ya huku: mtu anachoma mrija, anapiga mafunda mawili matatu, anatupa. Walivitoa kwa mikono, magunia kwa magunia. Walipofika kuchumbiana, neno hilo walikuwa wameshakubaliana zamani.

Bu Tirah aliwaelewa. Kilichomnyima raha ni watu. Alikuwa mjane anayeishi kwa kupika sukari, na binti yake anaolewa na mtu wa Semarang, mwana wa watu wa mjini. Mama wa kijana, Bu Hartanti, alikuja siku ya posa amevaa viatu vyeupe, akakaa wima, akanywa chai kidogo, akazungumza kidogo kuliko alivyokunywa. Mpaka anaondoka, Bu Tirah hakujua kama amependezwa au amechukizwa. Mtu kama yule, akikuta mitungi na majani, si atasema hawa ni fukara wanaojificha nyuma ya maneno ya kisomi?

Aliulizwa sokoni, aliulizwa kisimani, aliulizwa mpaka kwenye msiba. "Eti kweli, Bu Tirah, tuje na vikombe vyetu?" Wanawake wakacheka. Yeye naye akacheka, akaharakisha kuondoka.

Juma la harusi lilipoingia, upepo wa kiangazi ulivuma na kuchanachana migomba yote ya kijiji. Majani yakawa nyuzi nyuzi, hakuna linaloweza kufunga hata tonge. Misaji, ambayo majani yake nayo hufungia chakula, ilikuwa imepukutika kitambo. Bu Tirah alisimama uani akiitazama migomba yake, akaketi palepale chini.

Bu Jinem, jirani yake na ndiye mkuu wa jiko kwenye kila shughuli ya mtaa ule, alimkuta hivyo.

"Tirah, umeanguka au unapumzika?"

"Majani, Jinem. Tazama majani!"

"Nayaona. Kule bondeni chini ya chemchemi upepo haufiki. Nitawapeleka wanawake wakakate. Inuka, utapauka."

"Na maji? Wageni wale wote, glasi zikipungua je? Watu wa Semarang wakikaa na kiu nitaficha wapi uso wangu?"

Bu Jinem alitazama huku na huku. "Agiza katoni za vikombe. Ziweke kwangu. Mwanao asijue. Zikihitajika, zipo. Zisipohitajika, duka litazipokea zikiwa hazijafunguliwa."

"Utaweza kunyamaza?"

"Mdomo wangu huu? Kaburi!"

"Kaburi gani, Jinem? Lako linaongea tangu alfajiri."

Lakini aliagiza. Usiku ule ndio wa kwanza kulala, na hata huo alilala kwa mang'amung'amu, kwa sababu hajawahi kumficha Wening kitu.

Mambo yaliharibika kesho yake mchana. Ua ulikuwa umejaa wanawake wanaopara nazi na kumenya mafenesi machanga, Wening akiwa katikati yao anasuka makuti machanga ya mapambo. Gari la mzigo likasimama mbele ya nyumba. Dereva, badala ya kwenda kwa Bu Jinem, aliona turubai la harusi, akaona ndipo hapa. Akaingia na katoni begani.

"Maji ya harusi haya! Niyashushe wapi?"

Bu Jinem akainamia nazi yake kana kwamba ameona mdudu ndani. Wening aliitazama katoni, akamtazama dereva, kisha mama yake.

"Ni za nani, Mama?"

Bu Tirah akamtupia jicho Bu Jinem. Wening akayaweka makuti chini taratibu, akaingia chumbani. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

Mama alimfuata, akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Ungeniambia tu kwamba huwezi," Wening alisema. "Nisingekulazimisha. Kunificha ndiko kulikoniuma."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Ya mitungi?"

Hapo ndipo Bu Tirah alipomwambia jambo ambalo hakuwahi kulisema ndani ya nyumba ile. Siku alipoolewa yeye, mvua ilinyesha mfululizo, njia ya sokoni ikakatika, na wali ukaisha kabla watu wa upande wa mume hawajala. Wageni wakaondoka na njaa. Mwaka mzima baadaye, akipita sokoni, wanawake walikuwa wakigonga sahani tupu kwa vijiko. Mama mkwe wake hakumkemea hata siku moja, ila kila shughuli ilipokaribia alimuuliza mbele za watu, "Safari hii kitatosha?" Alimuuliza hivyo mpaka alipokufa.

"Najua majani yana maana," Bu Tirah alisema, machozi yakimlenga. "Lakini kila nikifumba macho nawaona wageni wamekaa wananitazama, na mimi sina cha kuwapa."

Wening alisogea, akamshika mkono. Nje dereva alikuwa akiuliza kwa sauti kama asubiri mpaka harusi yenyewe.

"Zipelekwe kwa Bu Jinem," Wening akasema mwishowe. "Ukishindwa kabisa, fungua. Usinifiche tu."

Siku yenyewe ilianza vizuri kiasi cha kumtia hofu zaidi. Wageni waliingia na kutoka tangu asubuhi. Wali na fenesi na tempe ya soya vilitoka jikoni vimefungwa kwenye majani, harufu ikajaa ua mzima. Vijana walibeba glasi za chai, wengine wakazikusanya, wengine wakaziosha nyuma. Bu Tirah hakukaa. Alihesabu vichwa, alichungulia masufuria, aliuliza "Kinatosha?" mpaka Bu Jinem akamtoa jikoni kwa mwiko.

Jua lilipofika utosini, pampu ya maji ilikohoa, ikatoa moshi, ikafa. Glasi chafu zikaanza kurundikana. Na wakati huohuo mabasi ya Semarang yakapiga honi barabarani.

Bu Tirah alikimbia mpaka kwa Bu Jinem, kijasho kikimtiririka, akasimama mbele ya katoni. Aliweka mkono, akautoa, akauweka tena. Kwa mbali alimwona Wening jukwaani, kapambwa, hawezi hata kugeuza shingo. Kisha akachana katoni mbili.

Alimpelekea Bu Hartanti sinia ya vikombe yeye mwenyewe. Mama wa kijana alikitazama kikombe, akamtazama yeye.

"Galih aliniambia leo hakuna plastiki."

"Pampu imekufa, Bu. Glasi zote ni chafu. Nimeshindwa, naomba radhi."

Bu Hartanti alichoma mrija, akanywa mpaka kikombe kikalia. Njia ilikuwa ndefu na alikuwa na kiu kweli. Akakikunja kikombe kitupu, akakitia mkobani. Akanyoosha mkono, akachukua na cha dada yake aliyeketi kando.

"Hivi nitavitupa Semarang," alisema kwa sauti ya chini. "Huko hakuna atakayejua vimetoka harusi ya nani." Kisha akageukia nyuma, sauti ikapanda. "Nyie wajomba wa Galih! Tangu alfajiri mmekaa tu. Kisima kile kina ndoo, nyoosheni migongo!"

Basi wanaume wa mjini, na mashati yao ya batiki, wakapanga mstari kisimani, wakivuta maji na kutaniana nani ana mikono laini kama ya bibi harusi. Glasi zikaoshwa. Chai ikatoka tena. Katoni zilizobaki hazikuguswa.

Watu walisema, maana hawakosi la kusema. Wapo waliolalamika kwamba hawakupewa mifuko ya kubebea chakula, na shangazi mmoja aliondoka na wali kwenye mtandio, ukamlowesha bega. Wapo waliosema chakula cha kwenye jani kinawakumbusha utotoni, wakaongeza.

Jioni Bu Tirah alimsaidia binti yake kuchomoa maua kwenye nywele. Alichomoa machache kabla hajasema.

"Nilifungua mbili."

"Niliona."

"Umekasirika?"

Wening alifikiri. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kuisha kesho. Mama, wewe umekula?"

Bu Tirah alisimama na ua mkononi, akijaribu kukumbuka. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana. Wening alimwita Bu Jinem kwa sauti, naye akaja na wali wa moto, akamketisha mama wa watu kwa nguvu, na kumsimamia mpaka alipomaliza.